Johnson Amewaka Tena

Laptop ya Ayuma ilikataa kuiona kompyuta ya mumewe. Zote mbili zilikuwa katika nyumba moja Dandora, Phase Two, na kati yao palikuwa na ukuta na mlango uliofungwa. Mume mwenyewe, Johnson, alikuwa amekufa.

Johnson alikuwa mwimbaji wa kanisa. Alianguka juu ya kibodi katika chumba kile cha pili, akirekodi. Tangu siku hiyo Ayuma aliingia mle kufuta vumbi tu, kisha akatoka haraka. Nyimbo zote zilibaki ndani ya ile mashine. Alitaka kusikia sauti ya mumewe, yeye akiwa sebuleni, mlango umefungwa. Hakutaka kingine.

Jirani alimwambia anunue waya. Jumamosi akaenda soko la Mutindwa, akapenya katikati ya marundo ya mitumba na wauza parachichi, gauni lake la kijani limeshika vumbi. Aliponyanyua waya mmoja mweupe, mwanamume aliyesimama kando yake akacheka. Alikuwa mrefu, na shati lake la kitenge lilikuwa limepigwa pasi vizuri kuliko la mtu yeyote sokoni.

"Huo ni wa simu ya mezani, dada. Unataka kumpigia nani?"

"Mume wangu."

"Hana simu ya mkononi?"

"Amekufa."

Mwanamume akauchukua waya mkononi mwake, akaurudisha, akachagua wa bluu.

"Naitwa Mbugua. Natengeneza kompyuta mtaa wa Lucky Summer. Nionyeshe hiyo shida, na pole kwa mdomo wangu."

Alikuja kesho yake baada ya kanisa. Aliingia chumba cha pili peke yake. Blanketi ambazo Johnson alizigongelea ukutani ili sauti isitoke zilikuwa bado zipo, na moshi wa jalala kubwa la Dandora ulikuwa umezishika. Akaunganisha waya kutoka kwa mashine hadi kwenye kile kisanduku cha intaneti, kisha akakaa sebuleni na laptop magotini.

"Unajua kwa nini haioni mwenzake?" akauliza. "Inadhani iko hotelini, kati ya watu isiowajua. Kwa hivyo imejificha. Tunaiambia iko nyumbani."

"Inaambiwa tu, na inaamini?"

"Inaamini. Si kama wanawake."

"Fundi, fanya kazi."

Akabonyeza. Jina likatokea kwenye skrini: JOHNSON. Ayuma akashika meza. Mbugua akafungua folda, na sauti ya marehemu ikajaa sebule, nzito, ikifuata kinanda. Ayuma alilia bila kuficha uso. Mbugua alitazama dirishani mpaka wimbo ukaisha.

Baada ya siku chache simu ya Mbugua ikalia.

"Fundi, amewaka tena."

"Nani?"

"Johnson. Nilikuwa nachapa kadi za harusi za mteja. Sijagusa nyimbo. Nasikia feni yake inazunguka kule ndani, na mlango nimeufunga mimi mwenyewe."

"Usiogope, mrembo. Nakuja."

Akaja na mandazi. Akaingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka akisema ameangalia. Wakanywa chai. Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyingine tena. Ayuma alianza kuvaa hereni anapopiga simu. Mbugua alianza kunyoa ndevu asubuhi, hata kabla simu haijalia.

"Ulimkosea nini huyu mtu?" akamtania siku moja. "Kila nikimaliza chai yako ananguruma."

"Hapendi wanaume wanaotia sukari vijiko vinne."

"Na wewe je?"

"Mimi sukari ninayo."

Mbugua akamshika mkono. Ayuma hakuuondoa. Lakini feni ilikuwa inazunguka nyuma ya mlango, na wote wawili waliisikia.

"Siwezi, Mbugua. Kuna mtu mle ndani."

"Basi niitoe hiyo mashine."

Ayuma aliutazama ule mlango.

"Itoe. Nyimbo si ziko kwa laptop?"

Hapo ndipo Mbugua alipaswa kuuliza. Alijua kwamba laptop ilikuwa inazichungulia tu, na nyimbo zenyewe hazijawahi kutoka chumba cha pili, isipokuwa mtu awe amezinakili. Alidhani labda Ayuma amezinakili. Hakutaka kuuliza kwa sababu jibu lingeweza kuiacha mashine pale. Akaibeba alasiri ileile. Akafuta diski yote, kama mafundi wafanyavyo kabla ya kuuza, akaiuza mashine vipande vipande sokoni Kariobangi.

Jioni Ayuma akafungua laptop. Jina la Johnson lilikuwepo, na msalaba mwekundu juu yake. Akabonyeza. Haipatikani. Akabonyeza tena, kisha akapiga simu.

"Mbugua, nyimbo hazifunguki."

"Hukunakili?" akauliza Mbugua.

"Kunakili nini? Nilikuwa nazisikiliza hapa kila siku."

"Ayuma, nimeshafuta."

"Umemfuta." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulimwonea wivu maiti. Usinipigie tena."

Mbugua hakupiga. Alirudi Kariobangi, akaitafuta diski, akaipata kwa kijana aliyekuwa ameshaijaza filamu. Akailipia na kuifanyia kazi kila njia aliyoijua. Ilitoa kelele za kukwaruza, na hakuna sauti ya mtu.

Akaenda Dandora bila kualikwa. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Ayuma alikuwa ndani, amefunga leso kichwani, anang'oa misumari ya blanketi. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, na kimya chenyewe kilimfanya Mbugua anong'one.

"Kuna jambo sikukwambia. Mimi ndiye niliyeipanga hiyo mashine iamke kila unapofungua laptop, ili nyimbo zipatikane. Ilikuwa inawaka kwa sababu hiyo. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniacha niogope."

"Ulikuwa unanipigia simu."

Ayuma aliweka nyundo chini. Akakaa kwenye kiti cha Johnson, kwa mara ya kwanza.

"Wiki ya pili nilijua," akasema. "Nikifungua, anawaka. Nikifunga, baadaye analala. Kwa hivyo nilikuwa nikikutaka uje, nafungua. Ndiyo sababu nikataka itoke. Niliona aibu kumtumia mume wangu kama kengele."

Mbugua akaokota misumari sakafuni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kiganja chake.

"Nioe," akasema Ayuma, "lakini usije ukaniambia kwamba ni yeye aliyetuleta pamoja. Tulimmaliza sisi wawili."

"Sitasema."

"Na mimi nitakuwa namtafuta. Nikinyamaza mezani, usiniulize nasikiliza nini."

Walioana kwa mkuu wa wilaya, bila kwaya.

Nyimbo zilikuwa kumi na saba. Palikuwa na sala moja ambayo Johnson aliikatiza akakohoa. Palikuwa na rekodi fupi ambayo hakukusudia kuiweka, anacheka, anamwita Ayuma alete chai. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nazo. Ayuma bado anayakumbuka maneno. Sauti ya Johnson imemtoka akilini.