Gari Lisilovuka Isinya

Lennox Wamalwa alikuwa anafunga gereji yake pale Kitengela, jua likizama, gari la bluu lilipoingia uani bila hata honi. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki. Mkewe Nelima alikuwa Kajiado kwa mama yake, na uchungu ulikuwa umemwanza tangu mchana. Mtoto wao wa kwanza. Lennox alikuwa ameapa kuwepo, na Nelima alikuwa amemwambia wazi kwamba akikosa, asimletee visingizio.

Mwanamke wa makamo akashuka na boksi mkononi. Hakusalimia.

"Wewe ndio fundi wa turbo?"

"Ndio mimi, madam, lakini leo nimefunga. Bibi yangu anajifungua huko Kajiado."

"Hii ni kompyuta mpya ya injini. Toa ile ya zamani, weka hii. Ukimaliza nitakupeleka Kajiado mwenyewe. Si lazima uijaribu barabarani?"

Lennox akalitazama gari, akaitazama barabara. Fundi ni fundi. Mtajie turbo, hata matangani ataomba ruhusa atoke kidogo. Na kwa kweli hakuna gari lingine ambalo lingemfikisha kwa Nelima upesi kama hilo. Akakubali.

"Shida yake ni gani?"

"Inazima Isinya, hapo njiani kwenda Kajiado. Kila mara. Nikienda upande wa Nairobi, inazima Athi River. Haitaki nitoke hapa Kitengela."

Lennox akacheka. "Hiyo ni tracker, madam. Kuna mtu ameweka ikuzimie gari ukipita mahali fulani. Nani alikununulia?"

"Bwanangu. Bedan." Alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Basi Lennox akaingia kazini. Akatoa betri kwanza. Akainua zulia chini ya miguu ya abiria wa mbele, akafungua skrubu za kompyuta ya zamani. Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Udongo mbichi... udongo wa shimo lililochimbwa leo. Akageuka kuangalia kama mvua imeanza. Uani kulikuwa kukavu.

Akachomoa plagi, akaishika ile kompyuta kiganjani. Ilikuwa na joto. Gari limetoka barabarani, akajiambia, lazima iwe na joto. Lakini joto lilikuwa linapanda. Betri iko chini sakafuni, waya zote zimetolewa, na kile kibati kilikuwa kinazidi kupata moto mkononi mwake.

Kisha kitu ndani yake kikagonga.

Polepole... kikatulia... kikagonga tena.

Akakiweka juu ya meza upesi, akajifuta mkono kwenye ovaroli. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, akimtazama mkono, wala si uso.

Kompyuta mpya haikusumbua. Ilichomekwa kwenye plagi ile ile, Lennox akarudisha betri, akaiunganisha na laptopu yake, akawasha. Injini ikaitikia mara moja, na alipokanyaga mafuta turbo ikapiga mluzi safi uliomfurahisha hadi akasahau ile harufu.

"Hii ya zamani nikurudishie ama?" akauliza. Ndiyo desturi ya fundi mwaminifu. Kilichotolewa kwenye gari ni cha mwenye gari, mpaka aseme mwenyewe.

"Sitaki kuiona. Si mafundi hukaa nazo?"

"Tunakaa nazo ukituachia." Tayari alikuwa anajua atakayemuuzia. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na spea ya bure mezani?

"Basi sema ni yako."

"Eh?"

"Sema tu. Nisikie."

"Ni yangu."

Mwanamke akafumba macho. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa mtungi. Kisha akaingia kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza akajitambulisha: "Naitwa Mwihaki. Twende, usichelewe."

Gari lilikwenda vizuri ajabu. Lennox alikaa kando yake, laptopu mapajani, akisoma jinsi injini inavyopumua, akirekebisha hapa na pale. Alimwandikia Nelima kwamba yuko njiani. Taa za Isinya zikaonekana mbele.

Gari likazima.

Halikukohoa wala kutetemeka. Lilinyamaza tu, likateleza hadi kando ya barabara. Lennox akatazama laptopu. Kwenye kioo, injini ilikuwa bado inazunguka kwa kasi ile ile. Mafuta yanaingia, moto unawaka, kila sensa iko sawa.

Nje, kimya. Upepo tu... na ile harufu ya udongo.

"Shuka," Mwihaki akanong'ona.

Alishuka afungue boneti. Mguu wake wa pili ulipogusa chini, Mwihaki akageuza ufunguo. Injini ikanguruma. Lennox akarudi ndani haraka. Ikazima. Akashuka. Ikawaka.

Akasimama pale na laptopu kifuani, na hofu ikamshika kweli kweli. Akaamua atatembea, kama ni miguu basi ni miguu. Alipiga hatua chache kuelekea Kajiado na pumzi ikakatika, kana kwamba mtu amemfunika uso kwa blanketi bichi. Akarudi nyuma akiyumba. Hewa ikarudi.

Mwihaki alikuwa ameshusha kioo.

"Haikuwa gari, fundi. Hata matatu nikipanda ilikuwa inanizimikia."

"Umenifanya nini?"

"Bedan aliniletea hii gari mbele ya wageni. Akaniambia, sema ni yako. Nikafurahi, nikasema. Kutoka siku hiyo sijawahi vuka hapa." Akaitazama barabara mbele. "Niliambiwa kifungo kiko ndani ya ile kompyuta, na lazima mtu mwingine aseme ni yake, kwa mdomo wake mwenyewe."

"Mama, mimi sijakukosea."

"Hata mimi sikuwa nimemkosea mtu." Akaweka gia. "Kitu kimoja nitakuambia, kwa sababu uko na mtoto. Usilaze mtu wako kwako. Mamangu alikuja kunisalimia, akalala kwangu usiku mmoja. Hakuvuka tena. Tumemzika hapo Kitengela."

Gari likaondoka, likakata kona ya Kiserian, na mluzi wa turbo ukapotea gizani. Lennox aliulaani kwa lugha zote alizozijua.

Simu ikalia. Nelima. Nyuma ya sauti yake, kitoto kichanga kilikuwa kinalia.

"Ni msichana," Nelima akasema, amechoka, anacheka. "Uko wapi?"

"Isinya."

"Si umefika basi. Kuja umuone."

"Gari imezima."

"Panda ingine. Lennox? Hapo si kuna magari mingi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Sawa," Nelima akasema, kicheko kimekwisha. "Kama umeshindwa, tutakuja sisi. Wakituruhusu tu, mama atatuleta hapo nyumbani."

Lennox alijua anachopaswa kusema, na alijua kitakavyosikika.

"Msije."

"Unasema?"

"Usimlete mtoto Kitengela, Nelima. Nakuomba. Usimlete kabisa."

Lennox akamsikia Nelima akigeuka na kumwambia mama yake, kwa sauti ya chini, "Amesema hamtaki."

Bila kufikiri alikimbia mbele, upande wa Kajiado, akitaka kukana. Kifua kikafunga. Alisimama katikati ya giza, simu sikioni, binti yake akilia, naye hana pumzi ya kusema hapana.