Rangi Kwenye Beseni la Wanga

Jumamosi asubuhi, uani kwa mama dobi hapakuwa na pa kukanyaga. Mabeseni yalipangwa kuanzia mlangoni hadi kwenye kamba za nguo: la kufulia, la kusuuzia, na la mwisho la maji ya wanga, ambamo kola za mashati huchovywa ili zikikauka zisimame wima. Binti yake, ambaye wote walimwita Kidole kwa sababu vidole vyake havikukosa rangi, aliteka maji, akasuuza, akaanika, kisha akambembeleza mdogo wake mpaka akalala.

Mtoto alipofumba macho tu, Kidole alichomoka. Nyuma ya pipa la maji alikuwa ameficha brashi, rangi za maji na kipande cha boksi. Alikuwa akichora nguo kambani siku ya upepo, mashati yamevimba vifua kama watu wanaotafuta ugomvi. Macho yalikuwa kwenye picha, masikio kwa mama.

"Kidole! We Kidole! Umemezwa na ardhi?"

Alishtuka. Akaichovya brashi kwenye beseni la karibu, akaisuuza harakaharaka, akakimbia. Hakuangalia ni beseni gani.

Mchana, shangazi yake, mpiga pasi mwenye ulimi mkali kuliko pasi yenyewe, aliinua shati la kwanza. Yalikuwa mashati meupe ya wahudumu wa hoteli, na yalitakiwa jioni hiyohiyo.

"Wifi, njoo uone maajabu! Wahudumu siku hizi wanavaa kola za kijani?"

Mama aliziangalia kola, kisha akaviangalia vidole vya bintiye. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nilisuuza brashi kwenye wanga. Sikukusudia."

"Basi rangi hizo zinakwenda jalalani leo. Nyumba hii haina nafasi ya michezo."

Machozi yalimjia Kidole, akayarudisha yalikotoka. "Nisamehe kwa mashati, mama. Nitayafua yote upya, peke yangu. Lakini kuchora siachi."

"Haya! Mtoto kaota pembe," shangazi aliguna.

"Shangazi, nateka maji, nasuuza, nalea, nasoma. Kuna kazi niliyowahi kuikimbia? Siombi siku nzima. Nataka saa moja iwe yangu, mchana kweupe."

Mama alimsogezea beseni kwa mguu. "Fua kwanza."

Kidole alifua hadi ngozi ya vidole ikajikunja. Rangi ilitoka yote, kola zikawa nyeupe tena. Alipoanika shati la mwisho, alimwona mama akitoka nyuma ya pipa na lile boksi mkononi.

Mama aliitazama picha kwa muda. "Shati hili la pembeni limelegea. Umelichora mbiombio."

"Nilikuwa nakuogopa."

"Na mbio hizohizo ndizo zilizokupeleka kwenye wanga wangu." Mama aliiegemeza picha ukutani, mahali pakavu. "Sikiliza, mwanangu. Kosa lako si kuchora. Kosa ni kuiba muda, kwa sababu anayeiba hafanyi kitu vizuri, si kazi yangu wala picha yako. Ukikipenda kitu, kiombee nafasi waziwazi. Maliza wajibu wako, kisha usimruhusu mtu akunyang'anye nafasi hiyo. Kila Jumamosi, nguo zikishaanikwa, saa moja ni yako."

Mashati yalifika hotelini jioni, meupe pepepe.

Jumamosi iliyofuata, Kidole aliketi katikati ya ua, brashi mkononi. Mtoto akaamka analia.

"Kidole, acha hayo madude uje umbebe mdogo wako!" shangazi aliita.

"Samahani, shangazi. Saa yangu haijaisha."

"Wifi! Unayasikia majibu hayo?"

"Nimeyasikia," mama alisema, huku akimfunga mtoto mgongoni mwake. "Kajibu sawasawa."