Fundo la Uzi Mwekundu

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Kabambare asubuhi ile ya mwaka 1958, Clémentine alipotoa boksi la Régina kabatini na kuliona jepesi mno mkononi. Lilikuwa limefungwa kwa uzi wake mwekundu, kama siku zote. Alifungua. Utepe wa sauti haukuwemo.

Bwana Octave, Mbelgiji wa chuo kikuu kule Katanga, alikuwa akichunguza jinsi wanawake wa Kibangubangu wanavyojifunza Kifaransa. Clémentine alifundisha, mashine ikanasa sauti, kisha darasa likasikiliza. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mwanamke alichagua uzi wa kufungia boksi lake. Régina alichagua mwekundu. Homa ilimchukua, na matanga yake yalikuwa hayajaondolewa.

"Ni Amuri," Octave alisema. "Mlinzi ndiye mwenye ufunguo. Lori la mchana litampeleka gerezani Kasongo."

Amuri alikuwa kaka yake Clémentine, baba mmoja, mama mmoja.

"Bwana, ule utepe nitaufanyia nini?" Amuri aliuliza. "Nifungie mbuzi?"

Wanawake wa darasa walicheka. Clémentine hakucheka.

"Kaka, jana ulitoka hapa?"

"Alasiri nilienda kuswali. Mlango niliuacha wazi."

Basi yeyote angeweza kuingia. Clémentine akamgeukia Léontine, mwanafunzi aliyewahi kununa kwa sababu Régina alisifiwa kila siku.

"Ulimuonea wivu."

"Sana! Lakini ningeiba wangu, dada. Ni ule ndio unafanya watu wanicheke. Wangu iko pale, uangalie."

Ulikuwepo.

Clémentine akarudi kwenye uzi. Fundo lilikuwa dogo, limezungushwa mara mbili, ncha zake zimefichwa chini. Mkono wa kulia wa Amuri ulikuwa umebaki na vidole viwili tangu ajali ya mgodi wa Salamabila; hata kamba ya kiatu alifungiwa na mkewe. Na mwizi gani hurudi kufunga boksi tupu? Aliyefunga hili hakuwa na haraka. Alifunga kama mama anavyofunga ushanga kiunoni mwa mtoto mchanga, ncha zisimkwaruze.

Nje ya dirisha, ng'ambo ya ua, ilikuwako nyumba ya Mama Mado, mama yake Régina. Kinu chake kilikuwa kimya tangu mazishi. Na jana asubuhi mashine ilikuwa imetoa sauti ya Régina, dirisha likiwa wazi.

"Bwana, tuende," Clémentine alisema.

Walimkuta Mama Mado amekaa mlangoni, kichwa kimenyolewa.

"Mama, shikamoo. Lori inakuja kumubeba Amuri."

"Amuri amefanya nini?"

"Wanasema ameiba utepe wa Régina."

Mama Mado akasimama.

"Mumuache mutoto wa watu. Niliuchukua miye."

"Kwa nini?" Octave alifoka. "Ni kazi ya mwaka mzima!"

"Kila asubuhi munamuamsha mutoto wangu. Anasema jina lake, munasema rudia, anasema tena. Sisi, matanga yakiwa ndani, jina la maiti haliitwi. Akisikia, anarudi kutafuta aliyemuita. Usiku namusikia hapa uani, anazunguka, mlango hauoni. Nimemuzika mara ya pili, na sauti yake."

Clémentine alikumbuka mkono wake mwenyewe ukibonyeza ile mashine, na sauti ya Régina ikielea juu ya vichwa vyao, changa, yenye furaha: *Je m'appelle Régina.*

"Tuchimbe?" Octave aliuliza, polepole.

"Hapana, Bwana," Clémentine alijibu.

Octave alitazama kichwa kile kilichonyolewa, akavua kofia.

Lori liliondoka bila Amuri.

Kesho yake, ukungu ungali chini, wanawake walitaja majina yao mmoja mmoja. Walipofika kwenye nafasi ya Régina, Clémentine hakusema kitu. Darasa likangoja pamoja naye, mpaka ng'ambo ya ua mchi wa Mama Mado ulipoanguka ndani ya kinu, mara moja, kisha tena.

"Léontine," Clémentine alisema, "zamu yako."