Debe la Mbegu za Mama

Kila Alhamisi nikitoka shule hapa kwetu Murusagamba, nateka maji, nachochea moto, halafu namchungulia Nesi Consolatha. Kuchungulia watu ni tabia mbaya, najua. Lakini yule nesi nilimshuku! Tangu mdogo wangu afariki, Mama aliugua sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na nesi akawa anamfuata nyumbani. Wanafunga mlango, wananong'ona. Jirani yetu hupewa dawa za mwezi mzima, Mama za wiki moja tu. Nyingine zinakwenda wapi?

Alhamisi moja nesi aliondoka na mkoba umetuna. Nikaingia chumbani, nikafunua debe la mbegu. Tupu! Maharage yote ya kupanda, na mvua zimekaribia. Mama alikuwa ameketi kitandani, ametulia kuliko siku zote.

"Mama, mbegu ziko wapi?"

"Nimezigawa, Nimpaye. Sizihitaji tena."

Nikajua amelaghaiwa. Nikatimua mbio, nikamkuta nesi njiani. Hata shikamoo sikumpa.

"Rudisha mbegu zetu!"

Akafungua mkoba: kipimo cha presha, daftari, koti la mvua. Aibu ilinishika.

"Mbegu gani, mwanangu?"

"Za kupanda. Mama kazigawa zote. Anasema hazihitaji tena."

Uso wake ukabadilika. "Yuko na nani sasa?"

"Peke yake."

Tulirudi mbio. Nesi akaketi kando ya Mama, akamshika mkono. "Mama Nimpaye, unafikiria kujiua?"

Nilimchukia! Mgonjwa anaulizwaje hivyo? Lakini Mama akalia, kilio ambacho hakukilia hata msibani. "Ndiyo. Nimechoka."

Nesi hakumwacha hata dakika moja. Alimpigia simu daktari, akamwita Shangazi Kalista, na jioni ile ile wakampeleka hospitali. Mama aliporudi, tulikaa naye kwa zamu. Majirani nao walirudisha mbegu, kila mmoja na bakuli lake.

Siku ya kupura maharage nilimwambia nesi ukweli. "Nilidhani unaiba dawa."

Akacheka. "Nilimpa kidogo kidogo ili nyingi zisikae nyumbani zikamdhuru. Na kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo baya, kunampa nafasi ya kusema. Lakini siku ile hata mimi nilimwona ametulia, nikadhani amepona. Wewe ndiye uliyesema. Ukiona jambo geni kwa mgonjwa, usilifiche. Mwambie mtu mzima upesi."

Nyuma yetu Mama alikuwa akichanganya maharage na majivu, debe limejaa.

"Nimpaye! Haya asiyaguse mtu," akasema. "Ni ya kupanda msimu ujao."