Gunia la Kiraka cha Samawati

Jumamosi moja ya Juni, Nyaruai alitoka Kiminini kwenda soko la Kamukuywa kununua mahindi. Ndiyo, kununua! Mkulima mzima, na mavuno yake yalikuwa magunia ishirini. Lakini Desemba yeye na mumewe Kagwe waliuza yote kwa dalali, shilingi mia tisa kila gunia. Wakala Krismasi, wakanunua makochi. Sasa pesa ya karo ya shule ilikuwa inaishia kwa unga, na binti yao Mukami alikuwa nyumbani wiki ya tatu.

Dinah, mama muuza mahindi, alifungua gunia jipya. Nyaruai akashtuka. Gunia lilikuwa na kiraka, kimeshonwa kwa uzi wa samawati wa sweta kuukuu ya Mukami.

"Hilo gunia ni langu!"

"Lilikuwa lako," Dinah akacheka. "Mimi nimelinunua kwa dalali. Gorogoro moja, huu mkebe wa kilo mbili, ni shilingi arobaini."

Gunia linatoa gorogoro arobaini na tano. Nyaruai akapiga hesabu. Elfu moja mia nane! Machozi yakamlengalenga kwa aibu.

Dinah akamhurumia. "Si ukae kidogo, mama. Kwako mnakula gorogoro ngapi?"

"Moja kwa siku."

"Basi mwaka mzima ni magunia nane na kidogo. Weka tisa kando kwanza. Yanayobaki ndiyo ya dalali."

"Na wadudu je?"

"Kausha vizuri. Tia punje na chumvi kavu kwa chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, changanya dawa ya ghala vile paketi inasema, kisha ufunge."

"Sawa. Hili gunia likiisha, niwekee likiwa tupu," Nyaruai akasema. "Nitalijaza tena."

Msimu wa mavuno ulipofika, walivuna magunia ishirini tena. Nyaruai akakausha, akatikisa chupa mpaka mkono ukauma. Desemba lori la dalali likafika. Kagwe alikuwa ashafungua geti.

"Mama Mukami, toa yote! Nimeona televisheni poa sana Kitale."

Nyaruai akakalia gunia la kiraka. "Tisa hayatoki."

"Ati nini? Unaniaibisha mbele ya wageni?"

"Baba Mukami, makochi hayaliwi. Mwaka huu tumekalia makochi na njaa, mtoto akikosa shule. Mimi sitoki hapa."

Kagwe akamtazama Mukami, aliyesimama mlangoni na daftari lake la shule lililojaa nusu tu. Akashusha pumzi.

"Chukua kumi na moja," akamwambia dalali. "Na pesa mpe mama. Ni ya karo."

Juni ilipofika, Mukami alikuwa darasani. Nyaruai akapita Kamukuywa kununua chumvi.

"Leo gorogoro ngapi?" Dinah akamwita.

"Hata moja," Nyaruai akajibu. "Lile gunia la kiraka bado sijalifungua."