Hakuna Philomena Hapa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Aba alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kumpelekea bibi yake uji wa mahindi, na kuokota pini zilizoanguka chini ya cherehani ya mama yake. Kazi ya pini ndiyo aliyoichukia zaidi, kwa sababu hata ukiokota namna gani, moja hubaki ikikusubiri uikanyage. Wiki hiyo ya Julai pini zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Chumba cha mbele cha nyumba yao mjini Sekondi kilijaa vitambaa vyeusi na vyekundu. Ukoo mmoja ulikuwa ukijiandaa kumzika mkubwa wao, na nguo zote za msiba zilitakiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Mtaa mzima ulimwita mama yake Araba, kwa kuwa alizaliwa Jumanne, na kwao kila mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Jina lake la ubatizo, Philomena Quansah, lilikaa kwenye vyeti tu, na wengi walioishi naye miaka kumi hawakulijua. Aba mwenyewe, aliyezaliwa Alhamisi, shuleni aliandikishwa Bernice. Mara nyingine mwalimu aliita Bernice mara mbili ndipo akumbuke kwamba anaitwa yeye.

Siku moja mteja aliyekuja kupimwa gauni alimweleza mama kwamba mahakama ilikuwa ikiwatafuta watu wa juri, yaani wale watu saba wa kawaida wanaoketi na jaji kusikiliza kesi nzito, kisha wao ndio wanaosema kama mshtakiwa ana hatia au hana. Binamu yake yule mteja aliitwa, akakaa huko wiki tatu, na duka lake likafungwa muda wote huo. Mteja alipoondoka, mama alimwita Aba.

"Akija mtu kumuulizia Philomena, mwambie hapa hakuna Philomena."

"Lakini, Mama, si wewe?"

"Hapa ndani nani ananiita Philomena? Wewe jibu hivyo hivyo."

Alhamisi, Aba alipokuwa akiosha vyombo uani, tarishi wa mahakama aliingia akiwa na bahasha ya kahawia. Alikuwa mzee mwembamba, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Alimsalimia vizuri, akauliza kama hapo ndipo kwa Philomena Quansah. Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza ghafla.

"Hakuna Philomena hapa, Baba," Aba alisema. "Hapa yupo Araba tu."

Mzee alilitazama pazia, kisha akamtazama Aba. "Mjukuu wangu, katika mji huu kila Philomena ana jina lake la siku. Nakuuliza tena. Yupo?"

Aba alihisi masikio yakimwaka moto. Akasema hayupo. Tarishi akatoa kalamu, akaandika neno moja juu ya bahasha, akaenda zake. Cherehani ikaendelea.

Jumatatu iliyofuata Mensima, aliyekaa naye dawati moja, hakuja shule. Jumanne alikuja macho yamemvimba. Watoto wote walijua kwamba baba yake, aliyekuwa mlinzi wa ghala la kakao, alishitakiwa kushirikiana na majambazi walioliibia ghala lile kwa mapanga. Alikuwa amekaa mahabusu mwaka mmoja na miezi saba akingojea kesi yake. Hatimaye ilikuwa imepangiwa kuanza hiyo Jumatatu, na Mensima alikuwa amemwambia Aba hivyo kwa furaha.

Wakati wa mapumziko Aba alimuuliza kesi ilikwendaje.

"Haikuanza. Wanatakiwa watu saba, wakaja sita. Barua ya huyo wa saba ilirudi imeandikwa 'hajulikani'."

"Ni nani huyo?"

"Philomena nani sijui. Walimwita mlangoni mara tatu. Mama yangu akatoka barabarani, akawa anamuuliza kila mwanamke anayepita kama ndiye." Mensima alifuta pua kwa mkono wa sare yake. "Jaji amesema asipopatikana mtu kufikia kesho, kesi itangoja mpaka Oktoba, mahakama ikitoka likizo. Baba alipopandishwa kwenye gari hakutuangalia hata kidogo."

Aba aliacha kula. Kipande kilichobaki cha kenkey, donge lake la unga wa mahindi, alikirudisha kwenye majani yake. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, aibu ya kukaa karibu na mtu anayelia ukijua ni wewe uliyemliza.

Alipofika nyumbani hakuvua hata sare. Alisimama mbele ya cherehani akaeleza yote, mpaka habari ya mama yake Mensima barabarani. Mama aliendelea kukanyaga.

"Mimi ndiye niliyemfunga?" aliuliza kwa ukali. "Sikumshitaki mimi. Hawakosi mtu mwingine wa kumwita. Na nguo hizi atashona nani, wewe?"

"Mama, aliyesema hayupo ni mimi. Mzee yule aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikasema hayupo."

Mguu wa mama ukasimama. Akalikunja gauni lililokuwa halijakamilika mkono. Jioni hiyo alikwenda kwa wenye msiba kuwaambia kwamba nusu ya nguo zao wampe fundi mwingine. Walimsema vibaya, na bila shaka wateja wale hakuwapata tena.

Jumatano asubuhi walikwenda mahakamani wote wawili. Mama alijitambulisha kwa jaji kwa jina lake la ubatizo. Alikiri kwamba alikuwa nyuma ya pazia, na kwamba alimtuma mtoto aseme uongo. Akaongeza kwamba hastahili kuisikiliza kesi ya mlinzi yule, maana mabinti zao wanakaa dawati moja. Tarishi alikuwa amesimama kando. Aba alishindwa kumtazama.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. "Kujificha ukiitwa na mahakama ni kosa, Bi. Quansah. Naweza kukutoza faini au kukufunga. Wewe umeshika kazi zako siku mbili hizi. Mtu yule ameshika nondo za dirisha."

Alimtoza faini. Kisha akampanga kwenye kesi nyingine iliyokuwa ianze Alhamisi, na mtu mmoja wa kesi hiyo akahamishiwa kwenye ya mlinzi. Saba wakatimia. Nje ya chumba, kabla hawajaondoka, Aba alimwendea tarishi akamwomba radhi. Mzee aliitikia kwa kichwa tu, wala hakutabasamu.

Kesi zote mbili zilimalizika siku ya mwisho kabla ya likizo. Juri ilisema baba yake Mensima hana hatia, na jioni ile Mensima alipita mbio mtaani akiwaambia watu hata wasiomfahamu. Aba aliingia ndani akiwa na furaha tele. Alimkuta mama yake ameketi karibu na cherehani, mikono mapajani, hashoni chochote.

"Mama, tulifanya vizuri kwenda. Baba yake ameachiwa."

"Na kama wangemkuta na hatia, je? Tungekuwa tumefanya vibaya?"

Aba aliinama akaokota pini moja sakafuni.

"Yule wa kesi yangu tumemkuta na hatia leo," mama alisema polepole. "Kijana mdogo. Mama yake alikuwa ameketi nyuma yangu, nikimsikia anavyopumua. Imeniuma, lakini tumesikiliza kila neno, na ni kweli alifanya. Sikiliza, Aba. Mtu mwema na mtu mbaya, wote wana haki ya kusikilizwa. Nami nilijificha nyuma ya pazia kwa sababu ya nguo."

Alimvuta mwanawe karibu.

"Faini ya mahakama nimeilipa. Lakini nilikutia wewe uongo mdomoni, na hilo halilipwi kwa faini. Nisamehe. Kuanzia leo nikikutuma kusema uongo, kataa. Nikikukasirikia, niambie mama yako mwenyewe ndiye aliyekuruhusu."