Aliyekaribishwa Savannah

Pilau haikuwa na ladha. Si kwamba chumvi ilipungua, la, ilikuwa haina kitu kabisa, kama unatafuna karatasi iliyolowa. Razia aliionja tena, akaionja na kachumbari, akatupa kijiko kwa hasira. Mwanamke wa Tanga, anayepikia shughuli za msikitini Thornhill, hapa Toronto, na watu wakaomba waongezewe, leo anashindwa na pilau!

"Uchovu wa safari tu huo, Mama Kisa," alisema mumewe, Ghulamabbas, bila kuinua macho kutoka kwenye picha za safari yenyewe.

Safari hiyo! Kila likizo ya Machi, wenzao wa Toronto wanakwenda kuota jua ufukweni. Ghulamabbas yeye anaipakia familia garini, anateremka nayo kusini mwa Marekani kutazama majumba makongwe. Mwaka ule wa 2011 zamu ilikuwa ya mji wa Savannah. Kutwa nguzo, kutwa ngazi, na hakuna kibao cha historia kilichompita bila kukisoma kwa sauti.

Tangu warudi, chakula hakikuwa chakula. Kisa, binti yao wa pekee mwenye miaka minane, alikuwa anamaliza sahani mbili na bado anakonda, mashavu yote yamekwisha. Daktari alimpima akasema mtoto mzima. Na jikoni, penye jiko la umeme, kila saa ya kupakua kulinuka moshi wa kuni, na huko chini, besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kitu kilikuwa kinatwanga, twi, twi, polepole, bila kupumzika.

"Ni hita hiyo," alisema Ghulamabbas.

"Hita inatwanga?"

"Mama Kisa, sisi ni watu tuliosoma, bwana."

"Basi soma! Soma mpaka mtoto wangu aishe!"

Akanyakua funguo, akaendesha gari mwenyewe hadi Malton kumchukua Mzee Jalaludin, msomaji dua aliyekuwa akitoa majini tangu enzi za Tanga.

Mzee hakuvua hata koti. Alisimama jikoni, akanusa, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amemwalika huyu?"

"Hakuna aliyemwalika, Mzee. Labda huyu hapa na majumba yake."

"Jini wa namna hii haingii bila kuitwa, binti yangu. Huko mlikokwenda, mlikula wapi?"

Hapo Razia akakumbuka, akamsimulia. Nyuma ya jumba moja kulikuwa na jiko la zamani, jiko la watumwa, limejitenga uani. Ghulamabbas alikuwa bado ndani na vibao vyake. Razia, njaa inamuuma na hasira zimemjaa, alikaa na Kisa kizingitini mwa jiko lile akafungua chapati na kababu. Akahisi mtu amesimama nyuma yake anatazama chakula. Naye, kama alivyolelewa, bila hata kugeuka, akasema, "Karibu, tule."

"Maiti hawarudi," alinong'ona Mzee. "Ila jini huyu alikaa jikoni na watu wale waliopikia wengine wasile wenyewe, alikaa nao mpaka njaa yao ikawa yake. Mimi nitasoma. Wewe uliyemwalika ndiye wa kumtoa. Mwambie arudi alikotoka. Hilo tu, usiongeze neno."

Baada ya Magharibi wakakaa mezani mbele ya pilau. Mzee akaanza kusoma, na moshi ukazidi, na kutwanga kukapanda kutoka besimenti ngazi kwa ngazi, kukaingia ukumbini, kukazunguka viti, mpaka vijiko vikawa vinatikisika sahanini na Ghulamabbas mwenyewe, msomi wetu, akakishika kiti kwa mikono miwili.

"Rudi ulikotoka!" alisema Razia.

"Mama," Kisa alinong'ona, amefumba macho, "anasema harudi. Anasema kule hawampi chakula."

"Rudi ulikotoka, nimesema!"

"Anauliza, sasa aende wapi?"

Ewe Mola! Wiki nzima ya daktari, ya hita, ya mume asiyesikia, ya kupika na kumwaga, ilimpanda Razia kichwani. Akapiga meza.

"Popote! Nenda popote upendapo, mradi nisikuone!"

Mzee Jalaludin alikatiza aya. "Astaghfirullah," alisema. "Umesema nini, binti yangu?"

Lakini moshi ulikuwa umekwisha na kutwanga kumekoma. Razia akaonja pilau, ikawa pilau. Alilia kwa furaha, akamrudisha Mzee kwake.

Kesho yake mchana akaandaa kuku wa nazi, harufu imejaa nyumba.

"Unaona?" alisema Ghulamabbas, anajipakulia. "Nilikwambia ni hita."

Razia alikuwa na furaha hata ya kumsamehe hilo. "Kisa! Njoo ule, mama."

Kisa alikuja. Kichwani amejifunga kitambaa cha vyombo. Hakuvuta kiti. Alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha baba yake, mikono imekunjwa mbele, macho chini, akawa anaitazama sahani inavyopungua na anameza mate.

"Keti ule, mwanangu. Chakula kingi."

"Bado, bibi," alijibu mtoto. "Wenye nyumba hawajamaliza."